Chupa ya Uzi Mwekundu

Ijumaa asubuhi Mzee Mfaume alisimama uani kwa jirani yake Jilala, ameficha chupa chini ya koti kama mwizi wa kuku.

"Mwaga huu," alinong'ona, "unijazie wako."

Jilala, mrina asali maarufu hapo Isevya, aliiangalia chupa ya mkojo, akamwangalia mwenyewe. Yeye Jilala ndiyo kwanza alikuwa anatoka chooni, kopo la maji bado liko mkononi.

"Mzaramo wewe, umerukwa na akili?"

"Mtani wangu, niokoe. Leo napimwa."

Mfaume, fundi cherehani, alikuwa na kisukari mwaka wa pili sasa. Kila Ijumaa alipeleka mkojo zahanati, na Tabibu Modest akauchemsha pamoja na dawa yake ya buluu. Ukibaki buluu, hakuna sukari. Ukigeuka mwekundu kama tofali, sukari imejaa tele. Wake mwanzoni ulikuwa tofali tupu, kisha ukaja njano, na wiki hizi za karibuni kijani. Lakini tabibu alikwishamwonya: "Ukirudi kwenye wekundu, mzee, nakupeleka hospitali kubwa ulazwe. Sitaki mjadala."

Na Jumapili alikuwa anaolewa Mwanamkuu kule Tura. Mjukuu huyo alimlea yeye tangu mwanawe alipofariki, na walii wake, wa kumwozesha, ni yeye. Alazwe siku hiyo? Bora wamzike!

Mkewe Tatu alikuwa ameyashika maagizo ya tabibu kama amri ya jeshi. Ugali wa uwele, donge moja kama ngumi, wala usiombe la pili. Mlenda. Chai bila sukari. Kila jioni amtoe kwenye cherehani watembee hadi stesheni na kurudi, huku Mfaume akilalamika njia nzima kwamba ameoa askari magereza. Kidonda cha mguuni kilikuwa kimefunga, kiu imemwisha, lakini shukrani hakutoa. Alichokuwa anakumbuka ni utamu tu.

Basi Jumatano alipita kwa Jilala, hakumkuta, akakuta ndoo ya asali mbichi. Akalamba kijiko. Akalamba cha pili. Cha tatu alikilamba huku akimwomba Mungu msamaha.

Sasa angeonekana! Na kubadili chupa hakuwezekani, maana Tatu, anayemjua mumewe nje ndani, aliifunga shingoni uzi mwekundu kwa fundo lake mwenyewe. Dawa ilikuwa moja tu, kumwaga kilichomo na kujaza cha mtu mzima wa afya.

Hapo ndipo utani unapofaa. Babu yake Mfaume alikuja na misafara kutoka Uzaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama hizo. Mtani wa kweli hakunyimi kitu, ila lazima akutukane kwanza.

"Nikupe mkojo wa Mnyamwezi?" alisema Jilala akiichukua chupa. "Angalia usije ukaanza kuwa na akili."

Akapotelea nyuma ya nyumba. Mfaume hakumaliza hata astaghfirullah ya tatu, Jilala huyo, amerudi. Chupa imejaa, uzi uko palepale.

"Upesi hivyo?"

"Kwani sisi wazee kama ninyi? Nenda zako."

Kule zahanati, Mfaume hakuthubutu kutazama moto. Aliyatazama mabati ya dari, akahesabu misumari, mpaka akasikia ukelele.

"Buluu! Mzee Mfaume, buluu kabisa!" Tabibu Modest alimkumbatia kwa furaha, na wagonjwa kwenye benchi wakapiga makofi. "Mpe mama pongezi zangu. Na harusini nakuruhusu kipande kimoja cha halua, kisizidi kidole gumba."

Tatu aliposikia alipiga vigelegele hadi majirani wakadhani bibi harusi yuko pale. Alimfulia kanzu, akamnyooshea, akawa anamwangalia kama kijana aliyefaulu mtihani. Kila akimwangalia hivyo, Mfaume alijiona mdogo. Ndani ya treni, wakiwa na Jilala na majirani wengine walioalikwa, alihesabu stesheni hadi Tura.

Ndoa ilifungwa vizuri, alhamdulillahi. Sauti ya walii ilitetemeka kidogo, watu wakasema ni furaha. Pilau likaliwa, kisha ikaja halua. Tatu mwenyewe alikichagua kipande, akakipima na kidole gumba, akamwekea mumewe kwenye sahani.

Mfaume alikiinua, akakirudisha. Machozi yalimtoka.

"Tatu, siwezi. Ile buluu si yangu, ni ya Jilala. Mimi nililamba asali Jumatano, nikakudanganya, wewe uliyehangaika na mimi miezi yote hii. Naogopa, mke wangu. Sitaki kufa nikuache."

Tatu aliisogeza sahani kando. Kisha akaita, na ukumbi mzima ukasikia:

"Jilala! Hebu njoo hapa!"

Jilala akaja, mdomo umejaa pilau.

"Ni kweli ulimjazia mume wangu mkojo wako?"

"Mama, ningeutoa wapi?" Jilala alimeza, akajifuta midomo. "Si alinikuta ndiyo kwanza natoka chooni? Nilizunguka nyumba, nikawasalimu kuku, nikamrudishia chupa yake na mkojo wake uleule. Sasa hiyo halua, Mzaramo, unaila au niimalize mimi?"