Macho ya Mercedes

"Zote mbili," mwenye gari alirudia. "Ng'oa zote mbili, na hizo kuukuu uzivunje nikiona."

Shiundu alifuta mikono kwa tambara, akaitazama tena ile Mercedes nyeusi ya zamani, ya macho ya mviringo, iliyosimama kando ya reli pale Laini Saba, Kibera, kama bwana harusi aliyepotea njia. Taa ya kulia ilikuwa imepasuka, sawa. Lakini ya kushoto ilikuwa nzima, imeingia ukungu tu. Nani hutupa taa nzima?

"Hii naweza kukupigia msasa, boss. Itang'aa."

"Weka mpya. Zile nyeupe za siku hizi. Wauza spea wa Grogan wameniambia taa za hizi gari ni wewe tu."

"Kwani uligonga nini?"

"Ng'ombe," alijibu yule mtu upesi. Alikuwa amejiita Kaloki. "Huko Kajiado."

Shiundu alipiga magoti mbele ya bampa. Ng'ombe huacha bonde kwenye boneti. Boneti hili halikuwa na hata mkwaruzo. Kilichogongwa hapa hakikuwa na uzito wa ng'ombe.

"Fundi, unatengeneza ama unaomba?"

Shiundu hakucheka. Dada yake Nasipwondi aligongwa na Mercedes kule Kawangware akivuka na karai lake la omena, jua likiwaka, watu wakiona. Gari halikusimama. Polisi walisema halikupatikana. Gari refu kuliko chumba anacholala Shiundu, eti halikupatikana. Angekuwa mchuuzi amekwaruza gari la mkubwa kwa mkokoteni, wangemtia pingu kabla ya chai ya saa nne.

Siku ile Shiundu aliokota kipande cha kioo barabarani. Tangu hapo, kila Mercedes ya aina ile iliyopita Kibera aliikagua uso. Hata Maurice, mume wa marehemu, alikuwa amechoka naye. "Shemeji, wacha kuchungulia magari ya watu," alimwambia majuzi. "Mungu anaona."

Mungu anaona, ndiyo, lakini hashiki spana.

Alikitoa kile kipande kwenye kopo la balbu, akakisogeza kwenye pengo la taa ya kulia. Kiliingia kama jino.

Akachomoa betri, akaisukuma chini ya benchi. Gari bila betri halina miguu.

"Betri inaenda wapi?"

"Taa haibadilishwi stima ikiwa ndani, boss."

"Basi harakisha. Hii gari si yangu tena. Mwenyewe amekataa kuichukua ikiwa na jicho moja."

"Umeiuza?"

"Si kuuza." Kaloki aligeuka, akatazama reli. "Tulielewana tu."

Kuelewana. Shiundu aliwajua watu hawa. Humbwagia mnyonge asiyejua kitu ushahidi wao, wakalala usingizi. Kesho gari lingekuwa na macho mapya na mwenyewe mpya, na Nasipwondi angekuwa amekufa mara ya pili. Akazunguka nyuma ya kibanda, akampigia Maurice.

"Wacha kila kitu. Nimemshika."

"Umemshika nani?"

"Aliyemuua mama watoto wako. Ako hapa kwangu na gari."



"Usimguse," Maurice alisema. "Usimuulize kitu. Nakuja."

Shiundu akapiga mluzi. Mafundi wa vibanda vya jirani wakaja mmoja mmoja, spana mikononi, wakalizunguka gari bila kuuliza. Kaloki alijaribu kucheka nao. Hakuna aliyecheka. Akaingia ndani ya gari, akafunga milango, akabaki kajikunyata kwenye ngozi ya viti vyake.

Maurice aliteremka kwenye bodaboda kabla haijasimama vizuri. Mafundi wakampisha, kama mfiwa anavyopishwa. Shiundu alimfungulia kiganja, kioo kikiwa katikati.

"Hiki hapa, shemeji. Neno ni lako. Ukisema polisi, twende polisi. Ukisema vingine, hawa wako tayari."

Maurice hakukitazama kioo. Alipita, akagonga dirisha mpaka Kaloki akalishusha kwa mkono, kisha akainama. Alisema kwa sauti ya chini, lakini mafundi walikuwa karibu, na kila mtu akasikia.

"Si nilikwambia hii gari yangu usiilete Kibera?"