Kasoro ni Yangu

"Macho umeyaweka wapi, fundi? Maji ya kuogesha wanangu hayo!"

Beseni lililala kifudifudi mlangoni, maji yakichuruzika hadi barabarani. Mara ya tatu wiki hii. Fundi cherehani alilitazama kana kwamba limepigwa teke na mtu mwingine. Kweli hakuliona. Siku hizi upande wake wa kushoto ulikuwa ukungu mtupu.

"Nisamehe, Mama Mapacha."

"Nisamehe, nisamehe! Utaijulia wapi adha ya kuogesha, wewe usiye na wa kumwogesha?"

Madirisha yakafunguka, kwa umbea mtaa huo hauna mpinzani. Mume wa fundi cherehani, yeye fundi saa, akatoka na lenzi bado jichoni, akasema lile analolisema miaka yote: "Jirani, mwache mke wangu. Kasoro ni yangu."

Watu wakacheka. Mama Mapacha naye akapoa. "Shemeji wewe! Kwa kumbebea mkeo aibu, hujambo!"

Ndani, mume alianza kupakua chakula. Mke akaketi, bahasha ya hospitali mapajani. Asubuhi daktari alimwonyesha picha ya kichwa chake: uvimbe kama kokwa ya tende, umeegemea mshipa wa jicho. Si saratani, alisema. Kisha akauliza anatumia dawa gani.

"Sindano ya kuzuia mimba. Kila miezi mitatu. Mwaka wa kumi na moja huu."

"Basi huenda homoni ya sindano hiyo ndiyo inayoukuza. Iache leo leo. Uvimbe wa namna hii ukiikosa, wakati mwingine hukoma kukua, hata ukasinyaa. Tukijaliwa, hatutashika kisu."

Alipaswa kufurahi, au kulia. Hakikuja chochote. Alijihisi kama mkono uliolaliwa.

Mama yake alifariki akimzaa yeye. Ndiyo sababu ya sindano, na mume hakuwahi kuambiwa. Mume huyu anayejitwika aibu mbele ya mtaa mzima! Sasa sindano zimekwisha, mimba ingeweza kuingia mwezi wowote. Ilibidi aseme, ndoa ivunjike isivunjike.

Akasema. Uvimbe, sindano, miaka, vyote, kwa sauti ile ile anayosomea vipimo vya suruali.

Mume hakupaza sauti. Aliuweka mwiko chini, akafungua mtoto wa meza anamohifadhi saa mbovu, akatoa karatasi iliyochakaa mikunjoni. Akamsogezea upande wa kulia, anakoona.

Jina la mumewe. Muhuri wa maabara. Tarehe ya mwaka mmoja kabla hawajajuana. *Mbegu za kiume: hakuna.*

"Hodi jamani," Mama Mapacha aliita mlangoni, sauti imeshuka, ya kuomba radhi.

"Karibu, jirani, uketi ule nasi," alisema fundi saa. "Mwenzako leo ameniamini."