Jogoo Mwenye Joho Jekundu

Jogoo mmoja aliokota kitambaa chekundu, akakifunga shingoni kama joho la mashujaa wa katuni, akawatangazia kanga wote: "Kuanzia leo nawalinda mimi. Kicheche akija, nyamazeni. Wa kupiga kelele ni mimi tu."

Kanga walikuwa na desturi yao: anayeona hatari hupiga yowe, na wote huitikia na kumkimbilia. Lakini Jogoo alikuwa na kucha kali, na wao walikuwa wamechoka kukaa macho kila siku. Wakakubali.

Mama Kanga, mwenye vifaranga kumi na mmoja, ndiye pekee aliyeuliza, "Na ukipatwa wewe, baba?"

"Shujaa hapatwi, mama. Tunza watoto wako."

Siku ya nne kicheche akaja mchana kweupe. Jogoo aliruka kumkabili, joho likanasa kwenye miiba, akabaki ananing'inia, koo limebanwa, hata kuwika hawezi. Kanga wakatazamana, kila mmoja akingoja ruhusa. Kicheche aliona Jogoo hana pa kwenda, akawageukia vifaranga kwanza.

Mama Kanga hakungoja. Alipiga yowe. Mmoja akaitikia, kisha thelathini, wakamvamia kicheche kwa midomo na mabawa mpaka akatoroka mkia ukiwa umenyonyoka manyoya.

Walipomnasua, Jogoo alikohoa. "Nani kawapa ruhusa?"

"Hakuna," akasema Mama Kanga. "Na wewe ukiona hatari, piga yowe. Tutakuja wote."

Joho alilichukua yeye, akalitandika kiotani. Vifaranga wakalilalia, na walikuwa kumi na mmoja.