Picha za Alhamisi

"Njoo leo mchana. Njoo na simu ile nyingine."

Makau aliusoma ujumbe huo mara tatu, kisu cha kukatia sukuma wiki kikiwa bado mkononi. Ulitoka kwa Padri Muthoka, ambaye alikuwa amelazwa hospitalini mjini Machakos, wiki ya pili sasa. Simu ile nyingine aliificha ndani ya gunia la mahindi. Hata mkewe Mbithe hakuijua.

Kwa miaka sita alikuwa mpishi wa padri huyo katika parokia ndogo ya milimani, upande wa Kangundo. Zamani Padri Muthoka alifundisha teolojia seminarini, akaandika kitabu kilichowaudhi wakubwa wa Kanisa. Alisema mke wa pili asinyimwe komunyo kwa uamuzi wa mume. Akasema pia kwamba iweto, yaani mwanamke aliyeolewa na mwanamke mwenzake asiyejaliwa watoto ili amzalie, ni mwana wa Mungu kama wengine. Kitabu kikaondolewa madukani, naye akanyamazishwa, akapelekwa milimani kubatiza watoto na kuzika wazee. Lakini hakuacha kuandika. Kila asubuhi aliinamia madaftari yake, chai ikipoa kando.

Makau hakuwa amemaliza mwaka pale wakati Padri Kitonga, katibu wa askofu, alipomwita pembeni baada ya misa na kumpa simu.

"Piga picha kila anachoandika, unitumie," alisema. "Usimwambie mtu. Kanisa linakutegemea."

Makau hakuthubutu kukataa. Mpishi angemwambia nini katibu wa askofu?

Basi kila Alhamisi, padri alipokwenda kuwaona wagonjwa, Makau aliingia chumbani kwake. Kabati halikuwa na kufuli hata siku moja. Madaftari yalikuwa yamepangwa vizuri, jipya juu. Mikono ya mzee ilitetemeka hadi kumwaga chai, lakini mwandiko wake humo ulikuwa mkubwa na safi, kama wa mwalimu ubaoni. Kila mzee aliporudi alikohoa kwa nguvu langoni, akasimama kidogo, ndipo akaingia. Kitonga naye hakuwahi kuuliza lolote, isipokuwa mara moja: "Ukurasa wa kumi na mbili haujatoka vizuri. Rudia."

Kilichomwumiza Makau zaidi ni habari ya mama yake. Mama yake alikuwa iweto. Alipofariki, wazee wa kanisa walikataa jeneza lake lisiingie ndani. Padri Muthoka alitoka nje na kanzu yake ya misa, akashika mpini mmoja wa jeneza kwa mikono ile ile inayotetemeka, akaliingiza hadi mbele ya altare. Alhamisi iliyofuata Makau alipiga picha kurasa kumi na nane.

Sasa alikuwa akipanda ngazi za hospitali. Aliona itakavyokuwa: jina lake likitajwa Jumapili, Mbithe akijifunika uso kwa leso, watu wakihama benchi alilokalia. Alipofika kwenye mlango wa wodi alitaka kugeuka arudi. Nesi akamwahi.

"Wewe ndio Makau? Ingia haraka, amekuuliza tangu asubuhi."

Padri Muthoka alikuwa ameegemea mito mitatu, amekonda, shingo imebaki mishipa. Na kando ya kitanda, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Padri Kitonga.

Kitonga ameungama, Makau alijisemea. Amesema yote, na wawili hawa wamekaa hapa kunihukumu.

"Funga mlango," Kitonga alisema.

Makau aliufunga, na hakungoja kuulizwa. Alipiga magoti pale pale sakafuni.

"Padri, ni mimi. Nimekuibia. Miaka mitano nimekuibia huku nikila kwa meza yako."

"Kila daftari?" mgonjwa aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kila daftari, Padri."

"Na lile la mwisho, nililoandika kabla niletwe huku?"

Makau alilia. "Hata hilo. Liko kwa simu. Bado sijatuma."

Mzee alifumba macho. Alivuta pumzi ndefu, akaitoa polepole. Makau aliinamisha kichwa, akingoja laana.

Alichohisi ni kitu kizito kikiwekwa mikononi mwake. Kilikuwa kitabu. Kilinuka wino mpya, na jina la Padri Muthoka lilikuwa kwenye jalada. Alikifunua. Yalikuwa maneno yale yale aliyoyapiga picha Alhamisi baada ya Alhamisi, sasa yamepigwa chapa.

"Hiki ni cha kwanza," Kitonga alisema. "Cha pili kinangojea hilo daftari lililo kwa simu yako. Na usiogope askofu. Hajui hata kama wewe uko."

Makau aliwatazama mmoja baada ya mwingine, haelewi.

"Niliapa mbele ya askofu kwamba sitampa mtu yeyote maandishi yangu, hata ukurasa mmoja," Padri Muthoka alisema, "na kiapo changu nimekitunza. Ndiyo maana nilimwomba Kitonga anitafutie mwizi."