Bonde Lenye Alama Nyekundu

Mpima ardhi aliigeuza picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege ili apanguse tone la chai, na bonde likainuka likawa kilima.

Akairudisha. Bonde. Akaigeuza tena. Kilima.

Picha ya angani ukiishika juu chini, vivuli hukudanganya macho. Hilo alikuwa akiwafundisha wengine, mtu mzima yeye! Na katikati ya bonde hilo alishatia alama nyekundu: maji yako karibu, chimbeni hapa.

Simu ikalia. Aliyepiga alikuwa fundi wa visima.

“Kaka, tumefika kwenye alama yako. Kina mama wameshapanga ndoo. Tuwashe mashine?”

“Ngoja kwanza. Hapo mlipo pakoje?”

“Pazuri mno, kaka. Upepo mwanana, na kijiji chote tunakiona kule chini.”