Mgonjwa Akimaliza

"Tumia zana hii mgonjwa akimaliza."

Mwalimu aliisoma sentensi hiyo, maelezo ya zana ya kuondoa majina ya wagonjwa, kwa mara ya kumi, kwenye karatasi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Akimaliza nini? Yeye alikusudia akimaliza matibabu, lakini hakuandika hivyo. Na yule msaidizi wa akili mnemba anayepokea simu za hospitali ya macho haoni wodi wala daktari. Anachoona ni majina ya zana, yaani kazi anazoweza kufanya kwenye kompyuta, na maelezo yake, basi, kisha anachagua ya kutumia. Bila shaka alielewa kwamba ni akimaliza kuzungumza. Kila aliyepiga simu kuuliza siku yake, alipokata tu, jina lake likafutwa kwenye orodha ya upasuaji.

Watu thelathini na wanane walifika hospitali wakaambiwa hawamo. Mmoja wao alikuwa shemeji yake.

"Dada amelia njia nzima," mkewe alimwambia wakimimina chai. "Amekaa na njaa tangu jana yake, anafika anaambiwa jina halipo, eti kompyuta iliandikiwa vibaya. Huyo aliyewaandikia huo upuuzi sijui kama anapata usingizi."

Mkewe alijua kwamba mumewe anaandikia kompyuta maelezo. Hakujua ni za hospitali gani. Mwalimu alikoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari.

Alikuwa amefundisha lugha miaka thelathini na mmoja. Mwanafunzi akileta sentensi isiyoeleweka, aliisoma mbele ya darasa zima, taratibu, mpaka mwenyewe atamani ardhi ipasuke. Binti mmoja, Mwalimu alimbandika jina la Ukungu, kwa kuwa insha zake ukiingia huoni mbele. Darasa lilicheka mwaka mzima.

Ukungu ndiye sasa mkuu wa kitengo cha kompyuta pale hospitali. Ndiye aliyemfuata Mwalimu nyumbani alipostaafu. "Vijana wangu wanajua kompyuta, Mwalimu, lakini kueleza jambo hawajui. Njoo utusaidie." Tangu hapo, miezi minane sasa, Mwalimu humpelekea kurasa zake kila alasiri. Binti huzipokea kwa mikono miwili, huzipitisha macho haraka, husema, "Yamekaa vizuri, Mwalimu." Kisha Mwalimu huenda zake, binti hubaki. Kazi haziishi, husema.

Jumatatu kitengo kizima kiliketi.

"Kosa lilikuwa kwenye maelezo ya zana ya kuondoa majina," alisema mkuu. "Limesharekebishwa. Wagonjwa wanapigiwa simu mmoja mmoja, watapangiwa upya."

"Aliyaandika nani?" fundi mmoja aliuliza.

"Tuendelee."

Hakuisoma sentensi yenyewe. Hakutaja mtu. Mwalimu alimshukuru kimoyomoyo kwa kumstahi mbele ya vijana, na shukrani hiyo ilimchoma kuliko lawama. Yeye hakuwahi kumstahi binti huyu hata siku moja.

Kikao kilipokwisha alimfuata ofisini. Hakuketi. Aliweka mezani barua ya kuacha kazi, na juu yake ile karatasi.

"Usinifichie, mwanangu," alisema. "Wewe nilikuaibisha kwa makosa madogo kuliko hili. Hili langu limewatoa watu machozi. Waite vijana niwaambie ni mimi, halafu nitaenda kwa wagonjwa, nianze na shemeji yangu."

Binti aliinuka akafunga mlango. Alirudi akasimama upande wa pili wa meza, vidole vikichezea kona ya barua.

"Nisamehe, Mwalimu. Ile sentensi iliyofuta majina niliiandika mimi."

"Hapana. Sentensi ni hii hapa, huu ni mwandiko wangu. Isome."

"Sina haja ya kuisoma." Aliisogeza karatasi kwa Mwalimu polepole, bila kumtazama usoni. "Hii haijawahi kuingia kwenye mashine. Hakuna yako hata moja iliyowahi kuingia. Huwa naziandika upya zote, ukishaondoka."