Ukuta wa Korido

Nyumba ya shamba waliyoiacha Waingereza ilikuwa ya matofali mekundu matupu, nje hadi ndani, na Aikande alikuwa amechoshwa nayo. Wageni wa posa ya binti yake, Nsia, walikuwa njiani, basi akamwita fundi apige plasta korido nzima. Mumewe, Mzee Elinami, hakuulizwa. Macho yake yalishazima. Plasta ingemhusu nini?

Fundi alikuwa amefika katikati mzee alipotoka chumbani. Alitembea kama kawaida yake, vidole vikipapasa ukuta, vikitafuta tofali lile lililochomoza, ambapo hukata kona kuingia jikoni. Vidole vikazama kwenye plasta mbichi. Akasimama.

“Mama Nsia,” aliita taratibu, “niko wapi?”

Aikande alichukua mwiko mkononi mwa fundi, akaanza kukwangua.

“Mama, kazi yote hiyo,” fundi alinung’unika.

“Niletee maji na brashi.”

Alisugua tofali moja baada ya jingine, wekundu ukirudi kidogo kidogo. Nyuma yake mzee alingoja, kiganja kimeinuliwa, saruji ikimkaukia vidoleni.